Projekta haiulizwi swali, Madam!

  Leo nina langu moyoni. Nisipolitoa hapa sijui nitalitoa wapi.

Mnaonisoma kila wiki mnajua kuwa baada ya kumaliza kidato cha sita nilikaa nyumbani, nikawa naandika vijisafu hivi vya kuganga njaa. Basi leo mjue na hili: niko chuo cha ualimu, mwaka wa mwisho, na majuzi nimetoka kwenye mazoezi ya kufundisha, yaani BTP kama tunavyoiita wenyewe. Usicheke! Najua uliyezoea kunisoma nikiandika mambo ya mapenzi na mitindo ya nywele utasema, "Huyu naye mwalimu?" Ndiyo, tena mwalimu mtarajiwa, mwenye chaki mkononi na sketi chini ya magoti.

Sasa kaa vizuri nikupe kisa.

Pale chuoni tangu siku ya kwanza wimbo ni mmoja: TEHAMA, TEHAMA, TEHAMA. Tunaambiwa mwalimu wa leo si wa chaki na fimbo. Mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024, watoto wamezaliwa na simu ndani ya nyumba, na wewe ukienda darasani na kipande cha manila peke yake watakuona umetoka makumbusho. Mimi nikasema moyoni, hapo ndipo kwangu! Simu nimeijua siku nyingi, picha najua kuzipamba, video najua kuzikatakata. Nikajiona tayari ni profesa.

Kumbe kujua kujipiga picha na kujua kufundishia ni mambo mawili tofauti. Siku ya kwanza kukalishwa mbele ya kompyuta ya mezani, wanafunzi wanne mashine moja, nilitoka jasho. Herufi A nilikuwa naitafuta kama mtu anayetafuta sindano gizani. Kidole kimoja huku, kingine kule, tap... tap... Jirani yangu, mkaka mmoja aliyewahi kufanya kazi stesheneri, alikuwa anachapa bila kutazama chini. Nilimchukia wiki nzima. Ya pili nikamwomba anifundishe. Mpaka mwisho wa muhula nilikuwa natengeneza slaidi zinazoruka, zinazozunguka, na zinazoingia kwa mlio wa makofi. Ujinga wangu ukaanzia hapo.

Nikapangiwa BTP kwenye shule moja ya msingi pembeni mwa jiji. Jina naliweka kapuni. Nikapewa darasa la sita, watoto themanini na kitu, wengine watatu watatu dawati moja. Mada yangu ilikuwa mfumo wa jua, na siku ya kukaguliwa ikaangukia kwenye kupatwa kwa mwezi. Nilishukuru Mungu! Maana watoto wenyewe walikuwa wamekuona kwa macho yao usiku wa Septemba 7, mwaka 2025, mwezi ulipopatwa wote na kuwa mwekundu kama tofali la kuchoma kwa dakika 82. Kila mtoto alikuwa na hadithi yake. Mmoja bibi yake alimwambia kuna joka limeumeza mwezi. Mwingine alifungiwa ndani asiangalie, akachungulia dirishani. Somo lilikuwa limeshajileta lenyewe mpaka mlangoni, nilichotakiwa ni kulifungulia tu.

Mimi nikafanya nini? Nikakesha usiku tatu nikitengeneza slaidi. Bando la wiki likaisha siku moja kwa kupakua video. Kwanza niliiomba akili mnemba iniandikie andalio la somo, ikaniandikia kwa heshima zote, eti "wanafunzi wafungue kompyuta zao mpakato na wafanye kazi katika makundi ya watu watatu." Kompyuta mpakato! Watoto ambao kalamu moja inazunguka dawati zima! Nikacheka, nikafuta, nikaandika mwenyewe. Hapo nilikuwa bado nina akili.

Video niliyopata ilikuwa kiboko. Dunia inazunguka, mwezi unazunguka, kivuli kinakuja taratibu... Ila maelezo yalikuwa ya Kiingereza, mzungu anaongea mbio mbio. Nikasema hizi kelele za nini? Watoto hawataelewa na mimi nitaonekana sina kazi. Nikaiziba sauti. Naomba uikumbuke hiyo sauti, msomaji wangu, tutairudia.

Siku ya siku ikafika. Projekta nikaazima ofisini, waya nikapima, ukutani tukabandika shuka jeupe, madirishani tukaziba kwa maboksi na khanga za walimu. Mkufunzi wangu kutoka chuoni, mzee mmoja mpole asiyecheka hovyo, akakaa nyuma kabisa na faili lake. Pembeni yake mwalimu mwenyeji wa darasa, mama wa makamo. Nje madarasa mengine yamejazana kwenye matundu wanachungulia kama kuna disko.

"Shikamoo Madam!"

"Marahaba. Kaeni."

Nikabonyeza. Wee! Dunia ikatokea ukutani, ya buluu, inazunguka. Darasa zima "Waaaaa!" Nilijisikia kama mcheza sinema. Kivuli kikaanza kuumeza mwezi, watoto wanashangilia kama timu imefunga goli. Nikamtupia jicho mkufunzi, naye anaandika. Nikajisemea, A hiyo inakuja mbio.

Halafu tiii... giza. Projekta imezimika, feni imezimika. Kutoka ofisini nikasikia mtu anauliza, "Nani alitakiwa kununua LUKU?" Yuniti zimeisha! Wala hakuna wa kumlaumu, mita haijui kuwa mimi nakaguliwa.

Tukabandua khanga madirishani, mwanga ukaingia. Nikachukua chaki na kujikaza kisabuni. Nikauliza, "Kuna mwenye swali?" Wewe unajua tunavyouliza hilo swali, tunauliza huku tunaomba asiwepo.

Binti mmoja wa dawati la tatu akanyoosha mkono. Mdogo mdogo, shati limebaki na vifungo viwili. Akasimama.

"Madam, mwezi mpevu si unatoka kila mwezi? Sasa mbona haupatwi kila mwezi?"

Msomaji wangu, nilichemsha. Nilichemsha mpaka mvuke ukatoka! Maana swali lile lina akili. Kama jua, dunia na mwezi vinakaa mstari mmoja kila mwezi unapokuwa mpevu, basi kila mwezi tungekuwa tunaona mwekundu. Mimi na slaidi zangu ishirini na mbili sikuwa nimewahi kujiuliza hilo hata mara moja. Usiku tatu nimezimaliza kwenye herufi za kuruka. Mwezi wenyewe niliupa kama saa moja tu.

Nikatazama ukutani. Shuka jeupe linanitazama.

Ningeweza kusema, "Sijui, kesho nitawaletea jibu." Ni maneno manne tu. Badala yake nikazuga. Nikakunja uso nikasema, "Hilo haliko kwenye somo la leo. Kaa chini, usipende kurukia mambo."

Darasa likaangua kicheko. Si unajua watoto, mwalimu akimtolea mmoja nje, wengine wanamalizia. Yule binti akakaa, akajifunika uso kwa daftari.

Baada ya kipindi mkufunzi aliniita chini ya mwembe. Nilitegemea atanifokea. Akaniuliza kwa upole, "Swali la yule mtoto ulilielewa?"

"Nililielewa, mwalimu."

"Jibu ulikuwa nalo?"

Nikauchuna. Akafunga faili lake. "Haya. Slaidi zako nzuri sana, binti yangu."

Ile "nzuri sana" iliniuma kuliko tusi. Nilipata C. Na hata hiyo C naona alinihurumia.

Jioni nikampigia simu babu yangu. Babu ni mwalimu mstaafu, wa kundi lile la UPE. Vijana wenzangu mnaweza msijue, kwa hiyo niwape kwa kifupi. Mwaka 1974 Azimio la Musoma liliamua kuwa kila mtoto wa umri wa shule aingie darasani ifikapo 1977. Walimu hawakutosha. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakawa wanafundisha huku na wao wenyewe wanasomea ualimu kazini: masomo kwa njia ya posta, vipindi vya redio, na mkufunzi anayewapitia. Babu yangu alikuwa mmojawao. Kwa hiyo mnaposema teknolojia ya kufundishia imeingia Bongo juzi, mzee huyo anawacheka.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Mbona sauti imelegea, umeachwa?"

Nikamweleza yote. Alicheka kwanza, halafu akanyamaza kidogo.

"Sikiliza. Sisi tulikuwa na redio moja, betri zake tunaanika juani zipate nguvu. Kipindi kikipita kimepita, huwezi kuiambia redio irudie. Wala redio ilikuwa haiulizwi swali. Ikinyamaza, watoto wananigeukia mimi. Kwa hiyo nilikuwa nakisoma kitabu changu usiku kabla redio haijasema, maana najua ikizimika nabaki peke yangu. Sasa hiyo mashine yako inaulizwa swali?"

"Haiulizwi, babu."

"Basi. Na yule mtoto umemfanyaje?"

Hapo ndipo machozi yakanitoka. Maana mimi mchana kutwa nilikuwa naililia C yangu. Mtoto sikuwa nimemfikiria hata kidogo.

Usiku ule nikanunua bando la jero, nikaifungua ile video tena, safari hii na sauti yake. Unajua nini? Yule mzungu niliyemziba mdomo alikuwa amelieleza lile swali lote! Dakika ya nne. Njia ya mwezi kuizunguka dunia haiko sawa kabisa na njia ya dunia kulizunguka jua. Imeinama kama nyuzi 5 hivi. Kwa hiyo mara nyingi mwezi mpevu unapita juu kidogo ya kivuli cha dunia, au chini kidogo, unakikosa. Ni pale tu unapokatiza sawasawa ndipo unapatwa.

Kusoma nilisoma, lakini kichwani hakikukaa. Nikamwamsha shoga yangu tunayekaa chumba kimoja. Yeye akashika simu imewashwa tochi, hiyo ndiyo jua. Mimi nikashika chungwa, hiyo dunia. Ndimu nikaichoma kwenye kijiti cha mshikaki, huo mwezi. Tukazima taa. Nikaipitisha ndimu nyuma ya chungwa, ikaingia kivulini. Nikaipandisha kidogo, ikawaka. Nikaishusha chini, ikawaka. Shoga yangu akasema, "Sasa umeniamshia kachumbari?" Mimi nilikuwa nacheka peke yangu kama mwendawazimu. Ndiyo kwanza nilikuwa nimelielewa somo nililolifundisha asubuhi.

Kesho yake nikamwomba mwalimu mwenyeji dakika kumi na tano za kipindi chake. Hakukuwa na mkufunzi wala faili. Nikasimama mbele ya wale watoto, magoti yananitetemeka kuliko jana.

"Jana mwenzenu aliniuliza swali zuri sana. Mimi nilikuwa silijui jibu. Nikaona aibu, nikamkalisha. Nilikosea, na namwomba radhi."

Kimya. Ungeweza kusikia inzi. Nadhani hawakuwahi kusikia mtu mzima akisema vile, tena mwenye chaki mkononi. Yule binti akatazama chini.

Nikatoa vifaa vyangu. Simu nikampa kijana mmoja aniwashie tochi, na unajua shuleni mwanafunzi haruhusiwi kuja na simu, kwa hiyo aliishika kama ameshika yai. Chungwa nikashika mwenyewe. Ile ndimu nikampa yule binti. Akaipokea bila kunitazama. Khanga zikarudi madirishani.

Akaipitisha polepole nyuma ya chungwa. "Umepatwaaa!" wenzake wakapiga kelele. Nikamwambia apandishe mkono kidogo, arudie. Ndimu ikawaka. Ashushe. Ikawaka. Akarudia mwenyewe mara tatu bila kuambiwa, halafu kwa sauti ndogo, kama anaongea na ile ndimu, akasema, "Kumbe unapita juu."

Kijana mwenye tochi naye akadakia: "Na mbona ule wa Septemba ulikuwa mwekundu, haukuwa mweusi?" Safari hii nilikuwa nimejiandaa. Nikawaambia hewa inayoizunguka dunia inapindisha mwanga kidogo wa jua mpaka ndani ya kivuli, na njiani ule wa buluu unatawanyika, mwekundu ndio unapenya, kama mnavyoona jua likizama jioni. Na wala si joka la bibi.

Sasa usidhani ni sinema ya Kihindi, kwamba yule binti alikimbia kunikumbatia. Hapana. Siku ile hakunyoosha mkono. Kesho yake hakunyoosha. Nikawa naingia darasani natafuta mkono mmoja tu kati ya ile themanini. Ulinyanyuka siku ya nne, nusu, kiwiko bado kiko juu ya dawati. Lilikuwa swali dogo tu, kama mwezi una upepo. Nilimjibu kuwa hauna hewa ya kufanya upepo, nikageukia ubaoni haraka ili wasinione uso.

C yangu iko palepale, hakuna aliyeibadilisha. Lakini nina jambo jingine la kuwaambia kabla sijaondoka.

Yule mama, mwalimu mwenyeji wangu, siku moja alinivuta pembeni ofisini. Akafungua kabati, akatoa kitu kimeviringishwa kwenye khanga tabaka mbili. Kishikwambi! Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 viligawiwa walimu baadaye, na yeye alipata chake. Amekitunza kama dhahabu, hakina hata mkwaruzo. Kukitumia je? Akasema, "Mwanangu, nikikivunja nitalipa nini? Na kukuuliza wewe mtoto mdogo niliona aibu."

Niliishiwa nguvu. Mama mwenye zaidi ya miaka ishirini kazini anaona aibu kuniuliza mimi. Na mimi niliona aibu kumwambia mtoto wa darasa la sita "sijui". Kumbe ugonjwa wetu ni mmoja! Kuwasha na kubonyeza anajifunza mtu yeyote ndani ya wiki moja. Linalotushinda walimu ni kuonekana hatujui.

Tukafanya biashara. Mimi nikamwonyesha jinsi ya kupakua vitabu kutoka maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, tukavipakua akiwa kwenye mtandao ili akavisome nyumbani hata bila bando. Yeye akanifundisha kuuliza darasa swali kisha kunyamaza, nihesabu moyoni mpaka kumi kabla sijaokoa jahazi. Mwisho wa BTP kishikwambi kilikuwa mezani, khanga yake amejifunga kiunoni.

Kwa hiyo wewe mwenzangu unayesubiri kwenda chuo cha ualimu, nisikilize dada yako. Jifunze projekta, jifunze kompyuta, chapa na vidole vyote kumi, wala usikubali kuambiwa ni mambo ya wazungu. Video ipakue nyumbani, isikilize kwanza yote na sauti yake. LUKU ulizia asubuhi. Chungwa lako liwe kwenye mkoba. Halafu usiku kabla ya kulala jiulize: hii mashine ikizimika dakika ya tano, mimi nina nini? Kama jibu ni "sina", funga slaidi, fungua kitabu.

Na ukiulizwa usichokijua, sema hujui. Halafu kesho uje na jibu. Hiyo kesho isikose.

Naona nafasi imeniishia na mhariri ananikata jicho. Wiki ijayo narudi kwenye yetu yale ya mapenzi, maana nimesikia kuna mkaka wa stesheneri ameulizia namba yangu. Panapo majaliwa tutakutana hapahapa.

Alamsiki!